Walzi Haiendi na Nne

Mwaka jana nilikuwa TP katika shule moja ya sekondari iliyo chini ya milima ya Uluguru. Nilipewa vipindi vya kidato cha pili na kazi moja ya ziada ambayo walimu wenyeji waliikwepa: kuandaa burudani ya mahafali ya kidato cha nne. Wanafunzi walikuwa wamechoka na igizo la kila mwaka la baba mlevi. Walitaka walzi. Walikuwa wameiona kwenye simu, wanaume ndani ya suti na wanawake wenye magauni yanayozunguka, wakaniuliza kama naijua. Nikasema naijua. Nilichokuwa najua hasa ni moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, nilichofundishwa na dada mmoja wa mwaka wa tatu kwenye korido ya hosteli.

Tulifanya mazoezi wiki tatu, jozi sita, nyuma ya maabara. Hatukuwa na spika, kwa hiyo muziki ulikuwa mdomo wangu na makofi. Walishika vizuri, jamani, mpaka wapishi wakawa wanatoka jikoni kutazama. Wimbo wa siku yenyewe waliuchagua wao, wimbo wa mapenzi wa Bongo Fleva uliokuwa ukipigwa kila daladala, nami nikaukubali kwa sababu ulikuwa mtamu na wa taratibu. Sikuujaribu hata mara moja na miguu.

Siku ya mahafali DJ akaupiga. Hatua tatu nne za mwanzo zilikwenda, kisha mambo yakaanza kuharibika mbele ya wazazi wote. Waliokuwa wananitii waliendelea na moja-mbili-tatu. Wenye masikio walisikia wimbo unawavuta kwingine, wakaanza kuufuata. Jozi zikagongana. Binti aliyekuwa anaongoza akasimama katikati, akamwachia mwenzake mkono, akashuka jukwaani. Wazazi walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nilimkuta nyuma ya turubai. Aliniambia sentensi moja tu: "Madam, sisi tumefanya ulivyotufundisha."

Na ni kweli.

Wakati wa chakula nilikaa karibu na mzee mmoja, babu wa mmoja wa wahitimu. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, watoto hawana kosa. Umewavalisha viatu vya namba nyingine. Ule wimbo una ngapi?" Sikuelewa swali. Akagonga meza kwa kidole, pigo moja zito na matatu mepesi, moja zito na matatu mepesi. "Una nne. Wewe umewafundisha tatu." Mzee huyo alikuwa kijana mjini Morogoro enzi ambazo watu walikwenda dansini wamenyoosha suruali, na hiyo "una ngapi" ndiyo iliyokuwa elimu yao ya kwanza kabla hujamwomba mtu mkono.

Mwaka huu kamati ya burudani imenitupia kazi ya kuchagua muziki wa usiku wa dansi za ukumbini, na wenzangu kadhaa wameniuliza nitafanyaje. Basi naandika hapa nilichojifunza tangu siku ile, maana sitaki mtu mwingine ashuke jukwaani kwa sababu yangu.

Tuanze na swali la babu. Keti, washa wimbo, piga goti lako kwa kiganja pale unapohisi mdundo. Usimsikilize mwimbaji, kwa sababu mwimbaji mzuri huchelewa makusudi na kuwahi makusudi. Sikiliza besi na ngoma kubwa. Kuna pigo litakalokuwa zito kuliko mengine: hilo ndilo moja. Hesabu mpaka uzito urudi tena. Ukirudi baada ya mapigo matatu, wimbo una tatu. Ukirudi baada ya manne, una nne. Kila mzunguko huo nitauita fungu.

Mfano ambao kila mtu anao kichwani ni ule wimbo wa siku ya kuzaliwa, Happy Birthday. Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba una tatu. Uimbe huku unatembea chumbani. Uzito unaangukia kwenye "birth", siyo kwenye "happy", na mguu ukiwa mzito wa kushoto safari hii, safari inayofuata unakuwa mzito wa kulia. Hiyo ndiyo walzi yenyewe, kule kubadilishana miguu. Sasa imba Malaika. Unatulia kwenye nne. Ni wimbo mtamu, maharusi wanaupenda, ila kwa walzi haukubali hata uubembeleze vipi.

Nilipokaa na karatasi niliona kilichotokea kwa wanafunzi wangu. Ukicheza hatua tatu juu ya wimbo wa nne, hatua yako ya kwanza inakutana na pigo zito mwanzoni kabisa. Fungu la pili la wimbo linapoanza, wewe uko kwenye hatua yako ya pili. Fungu la tatu, uko kwenye ya tatu. Mnakutana tena baada ya mapigo kumi na mawili, kisha mnaachana upya. Kwa hiyo mwanafunzi anahisi yuko sawa, hayuko sawa, hayuko sawa, yuko sawa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kumfanya mtoto aamini kwamba yeye ndiye mjinga.

Swali la pili ni kasi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Walzi ya taratibu kwenye mashindano huchezwa mafungu 28 hadi 30 kwa dakika, yaani mapigo 84 hadi 90. Walzi ya Vienna, ile ya kuzunguka kama pia, ni mafungu 58 hadi 60, yaani mapigo 174 hadi 180. Ni karibu mara mbili. Kwa hiyo "wimbo wa walzi" peke yake haitoshi. Moon River wa Henry Mancini, wa mwaka 1961, ni wa walzi ya taratibu. The Blue Danube wa Johann Strauss ni wa Vienna, nao una mtego: unaanza na utangulizi mrefu wa kupapasa ambao huwezi kuuchezea chochote. Ukimpa DJ bila kumwambia aanzie wapi, wachezaji watasimama ukumbini wanatazamana kama watu wanaosubiri basi Msamvu.

Vipi kuhusu Perfect wa Ed Sheeran, ambao harusi za siku hizi haziupiti? Ule unagawanyika tatu-tatu kweli. Lakini ukihesabu yale mapigo madogo ni ya kasi, yako upande wa Vienna, na ukihesabu makubwa ni ya pole mno. Ndiyo maana maharusi wengi huishia kushikana kiuno na kuyumba. Si dhambi, ila msiite walzi.

Kuna mtu ataniambia ngoma zetu nyingi za jadi nazo zina tatu. Ndiyo, nyingi zinagawanyika tatu-tatu, lakini miguu ya wachezaji inakanyaga mwanzo wa kila tatu, wakati mkono mwingine wa ngoma unapiga mbili juu ya hizo tatu. Ni utamu wa aina yake. Kumfundisha walzi mtu anayeanza kwa mdundo wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo.

Sasa nije kwenye nne, maana hapo ndipo Morogoro ilipo tajiri, na hapo ndipo niliona aibu zaidi. Nilikuwa naishi katika mji wa dansi, nikaenda kuazima nisichokijua.

Neno lenyewe, dansi, lilikuja na mtindo wa kucheza wawili wawili kwa kushikana, wenye suti na gauni na vyombo vya kizungu, tofauti na ngoma. Vilabu vya kucheza hivyo vilikuwa vimeenea katika miji ya pwani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, Morogoro Jazz Band 1944. Kufikia miaka ya 1950 mji wetu ulikuwa na Morogoro Jazz upande mmoja na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande wa pili, na mashabiki wao walikuwa wanagombana kama Simba na Yanga. Salum Abdallah alifariki 1965 kwa ajali ya gari, Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba. Upande wa pili alikuwa ameibuka Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano 1973, naye akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Mji mmoja, magwiji wawili, ajali mbili.

Kwa nini bendi ya Morogoro ijiite Cuban? Tangu 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inatoa sahani za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba, zikasambaa Afrika nzima. Wapigaji wa Kongo na wa kwetu walijifunza humo. Muziki wenyewe huko Cuba uliitwa son, ila uliuzwa duniani kwa jina la rumba. Wakati bendi zetu zinaugeuza kuwa wa Kiswahili, London alikuwepo mwalimu wa dansi aliyejulikana kama Monsieur Pierre ambaye, pamoja na Doris Lavelle, alikwenda Cuba mwishoni mwa miaka ya 1940 kutazama watu wanavyocheza, akarudi akaandika hatua ambazo leo ndizo rumba ya mashindano. Kwa hiyo rumba ya ukumbini na rumba ya Mbaraka ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Wanafanana sura. Tabia hazifanani.

Rumba ya mashindano ina nne, mafungu 25 hadi 27 kwa dakika, yaani mapigo 100 hadi 108. Mchezaji hakanyagi kwenye moja: anakanyaga mbili, tatu, nne, halafu kwenye moja anabaki kiuno kinamalizia kazi. Ili awezekane kufanya hivyo anahitaji muziki ambao haubadiliki kasi wala hasira tangu mwanzo hadi mwisho, kwa dakika moja na nusu au mbili.

Rumba yetu haikutengenezwa hivyo. Inaanza na sehemu ya kuimba, imetulia, magitaa yanaongea polepole, mashairi yanatoa habari. Mle ndani ukitega sikio utasikia mdundo wa Cuba wenye mapigo matano, matatu ya kuachana kisha mawili ya karibu, wakati mwingine kwa vijiti, wakati mwingine umejificha kwenye gitaa. Hapo rumba ya ukumbini inakaa vizuri kabisa. Halafu linakuja chemko. Magitaa yanapanda, tumba zinakolea, mwimbaji anaacha shairi anaanza kuita. Wakongo wanaita sebene. Chemko halikutungwa kwa watu walioshikana, linataka waachiane. Ukiwalazimisha wachezaji wa rumba ya mashindano waendelee na hatua zao ndani ya chemko, watafanana na watu wanaotembea taratibu kwenye mvua.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata wimbo kabla ya chemko, na zamani hata sahani zilikusaidia: nyimbo nyingi ndefu ziligawanywa upande wa kwanza na wa pili, chemko likaangukia upande wa pili. Leo, ukiwa na programu ya kuhariri sauti kwenye simu, unapunguza sauti polepole pale shairi linapoisha. Njia ya pili ni kuwaandaa wachezaji wajue kwamba likija chemko rumba imekwisha, sasa ni mtindo. Na bendi zetu ndivyo zilivyofikiri, kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na Sululu, Super Volcano wakawa na Masika, NUTA Jazz Msondo, Western Jazz Saboso. Babu yangu wa mahafali alisema ukiingia ukumbini na mguu wa bendi nyingine, watu wanajua hapohapo.

Nilichowahi kukosea hapa, baada ya mahafali, ni kuchagua kwa jina la wimbo badala ya kwa sehemu ya wimbo. Shida wa Mbaraka ni mfano ambao wengi watautaka. Usiulizie kama "Shida unafaa rumba". Uliza dakika ipi hadi ipi. Pima mapigo mwanzoni, pima tena katikati. Bendi zilirekodi zikipiga pamoja bila mashine ya kuwashikia kasi, kwa hiyo usishangae wimbo ukimalizika una haraka kuliko ulivyoanza. Programu nyingi za simu zinaweza kupunguza kasi bila kubadilisha sauti, ila ukizidi asilimia tano hivi sauti ya mwimbaji inaanza kulewa.

Chacha ni rahisi zaidi kwetu. Enrique Jorrín aliianzisha Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950, na bendi zetu ziliidaka mapema. Kwenye sahani za zamani utakuta limeandikwa kabisa pembeni ya jina la wimbo: chacha, rumba, bolero. Waliandika ili mnunuzi ajue atakanyaga nini! Mashindano yanataka mafungu 30 hadi 32, mapigo 120 hadi 128. Unahesabu mbili, tatu, kisha cha-cha-cha, ambapo cha ya mwisho ndiyo moja inayofuata. Muziki wake lazima uwe mkavu, wa kukatakata, manyanga yasikike. Ukiwa na mwangwi mwingi hata kasi ikiwa sahihi miguu inateleza. Bolero nayo ni polepole, ya kuimbiana sikioni, na kwa anayeanza mimi ningemwanzishia hapo kuliko popote.

Hapa niseme jambo lililonichukua muda kulielewa. Kasi haichagui dansi peke yake. Tazama: foksitroti ya taratibu mafungu 28 hadi 30, chacha 30 hadi 32, tango 31 hadi 33, zote zina nne. Kwa saa ya ukutani ni karibu kitu kimoja. Lakini foksitroti inataka muziki unaobembea na kuteleza, pigo linalovutwa kama mpira. Tango inataka pigo linalochoma na kukatika ghafla, halibembei hata kidogo, mara nyingi bila ngoma kabisa. Chacha ndiyo hiyo niliyosema. Ukimpigia mcheza tango wimbo wa foksitroti, hesabu inakubali na mwili unakataa. (Na kwa tangazo la usiku wa dansi, tafadhali, waandishi wa kamati, mwandike "dansi ya tango". Mwaka huu kuna mtu ameniuliza kama kutakuwa na kachumbari.)

Tango na foksitroti hatuna za kwetu za kutosha, tuazime tu, hakuna aibu. Ila tahadhari: ukitafuta foksitroti kwa kuandika neno "jazz" halafu ukaletewa Morogoro Jazz, hiyo jazz siyo ile. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa, basi. Kwikistepu, samba na jaivi nazipita haraka kwa sababu mwaka huu hatuna wachezaji wake; jaivi peke yake ni mapigo 168 hadi 176, na nusu yetu hatupandi hata ngazi za maktaba bila kupumzika.

Muziki wa sasa je? Karibu Bongo Fleva yote ina nne, kwa hiyo sahau walzi. Zile za mapenzi zenye mapigo karibu 100 zinaweza kubeba rumba ya ukumbini kama ngoma haijajazwa sana. Amapiano inazunguka kwenye 110 hadi 115, kasi ya foksitroti kabisa, na nimejaribu kwenye korido: hesabu inatoshea, ila besi inakuvuta chini wakati foksitroti inakutaka uelee. Singeli tuiache ilipo, ina heshima yake.

Kwa usiku wetu nimepanga hivi. Tunaanza na bolero mbili, maana watu watakuwa bado wanaoneana haya. Kisha walzi moja tu, Moon River, na wote watakaoicheza watakuwa wamefanya mazoezi na wimbo wenyewe, siyo na mdomo wa mtu. Kisha chacha tatu za Cuban Marimba mfululizo. Tango moja kwa jozi mbili zinazoijua, sisi wengine tutakaa na soda. Baada ya hapo rumba, na kila wimbo nimeukata mwenyewe kabla ya chemko, isipokuwa wa mwisho. Huo nimemwambia DJ asiuguse. Likifika chemko tutaachiana mikono.

Yule binti alimaliza kidato cha nne na sasa yuko hapa Morogoro mjini. Nimempelekea mwaliko kwa simu, na chini yake nikaandika: Moon River, una tatu, nimeupima. Amejibu kwamba atakuja, lakini ataupima na yeye.